Paski zinazojitokeza bila kuitwa: jinsi ya kujua nani anauliza na kumzima

Kisanduku kinachokuomba alama ya kidole, PIN au kuskani msimbo wa QR, wakati wewe ulitaka tu kuandika nenosiri lako, si virusi. Hapa Kisumu wengi wanaoleta simu au laptopu kwa fundi kwa sababu hiyo wanaamini wamedukuliwa, na wengine huwa wameshafuta kila kitu kwenye simu kabla hata ya kuuliza. Usifike huko.

Paski (kwa Kiingereza “passkey”) ni njia ya kuingia kwenye akaunti bila nenosiri. Kifaa chako hutunza ufunguo wa siri, tovuti hubaki na ufunguo wa wazi unaolingana nao, na alama ya kidole au PIN hutumika kufungua ule wa siri humo humo ndani ya kifaa. Alama yako ya kidole haitumwi kwa tovuti yoyote. Mei 2022 kampuni za Apple, Google na Microsoft zilitangaza pamoja kwamba zitaieneza njia hii, na Oktoba 2023 Google ikaifanya chaguo la kwanza kwenye akaunti za watu binafsi. Tangu hapo maswali haya yamezidi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuomba paski maishani mwake.

Mimi naipenda paski, na nitasema wazi kwa nini: haifanyi kazi kwenye tovuti bandia. Ukiletewa kiungo cha ukurasa unaofanana kabisa na Gmail, nenosiri utaliandika na litaibwa, lakini paski itakataa kwa sababu imefungwa kwenye anwani halisi. Shida huanza paski inapotengenezwa mahali ambapo mwenyewe hakupachagua, kwenye mashine ya saiba, simu ya mtoto au laptopu ya ofisi. Watu hufika huko kwa kuweka kidole ili tu kisanduku kiondoke.

## Kabla ya kugusa chochote: nani anauliza?

Wanaoweza kukuuliza ni watatu: tovuti, kivinjari (mfano Chrome) pamoja na viendelezi vyake, yaani programu ndogo zinazoongezwa humo (extensions), na mfumo wenyewe wa simu au Windows. Ukizima swali kwa asiyeuliza, litarudi kesho vilevile.

Sogeza ukurasa juu na chini. Swali likisogea pamoja na maandishi, ni la tovuti. Likibaki limening'inia chini ya sehemu ya anwani, mara nyingi upande wa kulia, ni la kivinjari au kiendelezi. Likifunika skrini, nyuma kukawa kweusi na juu yake pameandikwa “Windows Security”, au kwenye simu likipanda kutoka chini, hilo ni la mfumo, ingawa tovuti ndiyo iliyoliita.

Kisha soma kitenzi. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye simu nyingi. “Create” au “Save” maana yake paski mpya inatengenezwa. “Use” au “Sign in” maana yake iliyopo inatumika. Visanduku hivi viwili vinafanana sana, na kidole kimoja kinatosha kwa vyote viwili, kwa hiyo soma kwanza.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: hakikisha unalijua nenosiri la akaunti, na kwamba nambari ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha akaunti bado ni yako. Laini iliyolala muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine. Ukifuta paski huku nenosiri umelisahau na laini si yako tena, umejifungia nje.

## Naingia vizuri, halafu naulizwa kama nataka kutengeneza paski, na kesho tena

Mara nyingi ni tovuti yenyewe inayojitangazia huduma. Bonyeza “Not now” au “Skip” badala ya “Continue”. Kama jibu hilo halidumu, angalia vidakuzi (cookies), yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari, kwa kuwa tovuti nyingi huhifadhi “sitaki” yako humo. Kivinjari kinachofuta vidakuzi kila kinapofungwa, au mtu anayependa kuingia kwa dirisha la faragha (Incognito), huulizwa upya kila mara kwa sababu tovuti haikumbuki kwamba alishajibu. Ruhusu tovuti hiyo moja ihifadhi vidakuzi vyake kwenye kifaa chako mwenyewe.

Sababu inayofuata ni kivinjari. Chrome za karibuni zinaweza kutengeneza paski zenyewe baada ya wewe kuingia kwa nenosiri lililohifadhiwa, kisha zikakuarifu tu kwamba imeshatengenezwa. Fungua Google Password Manager, sehemu ya Google inayotunza manenosiri na paski, ingia kwenye mipangilio yake, uzime “Automatically create a passkey to sign in faster”. Hapo karibu kuna swichi nyingine inayohusu kuhifadhi manenosiri na paski kwa pamoja. Ukiizima hiyo, hata manenosiri hayatahifadhiwa tena, kwa hiyo usiiguse kama hilo silo unalotaka. Kwenye iPhone yenye iOS 18 au zaidi, nenda Settings, Apps, Passwords, uzime “Allow Automatic Passkey Upgrades”.

La mwisho ni simu ya Android yenye huduma zaidi ya moja ya kutunza manenosiri. Simu za Samsung huja na huduma ya Samsung juu ya ile ya Google, na kila moja inataka kuwa mtunzaji. Mpangilio wa Tecno haufanani na wa Samsung, kwa hiyo badala ya kukariri njia, fungua mipangilio na uandike “passkey” kwenye sehemu ya kutafuta. Kuanzia Android 14 utaona mahali pa kuchagua huduma unayoipendelea. Acha moja, zima nyingine.

## Naombwa kidole kabla hata sijaona mahali pa nenosiri

Hii ina maana akaunti tayari ina paski. Tafuta kwanza mlango wa pembeni: kwenye Google ni “Try another way”, kisha “Enter your password”. Tovuti nyingine hutumia maneno ya aina hiyo, kwa herufi ndogo chini ya kisanduku. Ukibonyeza “Cancel” kwanza, ndipo maneno hayo huonekana.

Kama unataka nenosiri liwe la kwanza siku zote kwenye akaunti ya Google, ingia kwenye akaunti, sehemu ya Security, uzime “Skip password when possible”. Swichi hii peke yake humaliza malalamiko mengi, na haifuti paski yoyote. Ijaribu kabla ya kufuta chochote.

Wengine hushangaa kukuta paski kwenye orodha ya Google ilhali hawakuitengeneza. Ukiingiza akaunti yako kwenye simu ya Android, simu hiyo huweza kuwekewa paski moja kwa moja, na huonyeshwa kando na zile ulizotengeneza mwenyewe. Ya namna hiyo huondoka kwa kuitoa simu kwenye akaunti. Kama simu ni yako na iko mkononi mwako, iache. Kama ni simu uliyoiuza Kondele mwaka jana, itoe leo.

Kwenye laptopu kuna kosa jingine linalowatesa watu hapa. Windows inapoomba PIN, inataka ile PIN ya kufungulia laptopu. Si nenosiri la Gmail, na si PIN ya M-PESA. Mama mmoja mwenye duka la nafaka karibu na soko la Kibuye alikuwa akiandika PIN yake ya M-PESA kwa bidii, akidhani ndiyo inayotakiwa kwa kuwa ndiyo PIN pekee aliyoijua. Laptopu aliwekewa na mwanawe. Kila alipokosea alijaribu tena, hadi Windows ikamzuia na kumtaka aiwashe upya. Ukikataliwa mara mbili, acha kubahatisha. Funga kisanduku, uingie kwa nenosiri la tovuti.

## Laptopu inaleta msimbo wa QR, au inaniambia nichomeke ufunguo wa USB

Hii ndiyo dalili inayochanganya zaidi, kwa hiyo twende nayo polepole.

Tovuti imeomba paski, laptopu imetafuta ndani yake ikakosa, sasa inauliza kama paski iko kwingine: kwenye simu, ndiyo maana ya QR, au kwenye kifaa kidogo cha USB ambacho wengi wetu hatuna. Hakuna kilichoharibika. Funga kisanduku mara moja, subiri ukurasa utulie, kisha tafuta maneno ya kuingia kwa nenosiri. Usiupakie ukurasa upya (refresh), maana kurasa nyingi huita paski zinapofunguka na utarudi pale pale.

Kisha uliza, kwa mpangilio huu:

1. Paski iko kwenye simu yako? Hili ndilo la kawaida kabisa. Ulikubali siku moja ukiwa kwenye simu, sasa uko kwenye laptopu. Kama uko tayari kuitumia, washa Bluetooth kwenye vyote viwili, hakikisha vyote vina intaneti, uskani QR kwa kamera ya simu. Bluetooth hapo ni ya kuthibitisha kwamba simu iko karibu na laptopu. Huna haja ya kuviunganisha kama unavyounganisha spika. QR ikiskaniwa na mambo yakakwama, kwa kawaida ni Bluetooth iliyozimwa upande mmoja au bando lililoisha kwenye simu.

2. Paski ilifutwa upande mmoja tu? Paski ina pande mbili. Ukiifuta kwenye simu lakini tovuti bado inaikumbuka, tovuti itaendelea kuiomba na laptopu itaendelea kuonyesha QR. Ukiifuta kwenye tovuti lakini kifaa bado kinayo, kifaa kitaendelea kukupa paski ambayo tovuti haiitambui, na utaambiwa kuna hitilafu. Ingia kwa nenosiri, nenda sehemu ya usalama ya akaunti, ifute huko kwanza. Baada ya hapo ifute kwenye kifaa. Kwenye Windows 11 orodha iko Settings, Accounts, Passkeys.

3. Ulibadilisha simu? Paski zilizohifadhiwa kwenye Google Password Manager hazikupotea na simu ya zamani. Ukiingiza akaunti ile ile kwenye simu mpya, utaombwa PIN au mchoro uliokuwa ukifungulia simu ya zamani, au PIN ya Google Password Manager yenyewe kama uliiweka. Usibahatishe hapo, makosa yakizidi hufungwa.

4. Laptopu ni ya mtumba kutoka ng'ambo? Zile zinazouzwa kama ex-UK, Nakuru na Kisumu zimejaa, wakati mwingine bado zimeshikwa na mipangilio ya kampuni iliyokuwa ikizitumia. Fungua menyu ya Chrome. Ukiona maneno “Managed by your organization” na wewe huna shirika lolote, angalia kwanza viendelezi na programu zilizowekwa, maana hata programu ya usalama huweza kuleta maneno hayo. Kama huoni chanzo, laptopu inahitaji kuwekewa Windows upya na fundi anayejua kazi yake. Usiweke paski humo, na kama inawezekana usiingize hata barua pepe yako.

Neno kuhusu kuskani: QR ya paski unaskani tu ile ambayo wewe mwenyewe umeiita, kwenye skrini iliyo mbele yako. Ukiitazama kwa programu ya kawaida ya kusoma QR, maandishi yake huanza na FIDO:/ kisha tarakimu nyingi. Ile ya WhatsApp ya kuunganisha kompyuta ni kitu kingine kabisa, na haina kinga ya Bluetooth: ukiiskani kutoka kwa picha uliyotumiwa, umemfungulia mtu mazungumzo yako yote.

## Majina yananing'inia chini ya sehemu ya barua pepe

Hayo ni mapendekezo tu. Endelea kuandika anwani yako, hayakuzuii. Kama yanakukera kwa sababu yanatoka kwenye akaunti uliyoacha kuitumia, futa paski hiyo kwa utaratibu wa hapo juu, tovuti kwanza na kifaa baadaye.

## Nafunga kisanduku kimoja, kinakuja kingine

Una watunzaji wawili. Kwa kawaida ni kiendelezi cha manenosiri, mfano Bitwarden au 1Password, kinachouliza kwanza. Ukikikatalia, kinampisha Windows naye aulize. Amua nani atunze. Bitwarden ina swichi kwenye sehemu ya arifa, “Ask to save and use passkeys”, na 1Password inayo ya kwake inayofanana nayo. Usizime zote mbili bila kujua paski zako ziko wapi kwa sasa.

Kwa anayetumia Firefox na anayetaka kunyamazisha kila kitu, ipo njia nzito: andika about:config kwenye sehemu ya anwani, tafuta security.webauth.webauthn, uifanye false. Siipendekezi kwa mtu wa kawaida. Inazima pia funguo za USB na kila paski halali uliyonayo, na miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka kwa nini tovuti ya kazi inagoma.

## Niko saiba, na jina linalotokea si langu

Mtu aliyekutangulia ameacha akaunti yake wazi, au mbaya zaidi, ametengeneza paski kwenye mashine ya watu wote. Ukiona jina lisilo lako, usilibonyeze. Mwite mwenye saiba, mwambie: “Kaka, kuna mtu ameacha akaunti yake hapa, mtoe tafadhali.” Hilo ni wema kwa mtu ambaye labda yuko njiani kurudi Ahero na hajui.

Kwa upande wako, fungua Chrome kama mgeni, “Guest”, kupitia ile alama ya wasifu iliyo juu kulia. Dirisha la faragha halitoshi: linafuta historia, halifuti paski. Ukiitengeneza humo itabaki kwenye mashine hata baada ya kufunga dirisha.

Kwenye saiba jibu la “Create” ni hapana siku zote, bila kujali umechelewa kiasi gani na fomu inafungwa saa ngapi. Mashine ya namna hiyo mara nyingi ina PIN moja inayojulikana na wahudumu wote, na yeyote anayeweza kufungua kifaa kwa PIN anaweza kutumia paski zilizomo. Kanuni hiyo hiyo inahusu simu ya nyumbani inayotumiwa na watu wanne wenye mchoro mmoja. Wanafunzi wa Maseno na Egerton wanaoazimana laptopu, nawaomba sana mlizingatie hili.

Kama tayari uliitengeneza huko, huna haja ya kurudi saiba. Ingia kwenye akaunti ukitumia simu yako, fungua orodha ya paski, futa usiyoitambua. Ukishaifuta upande wa tovuti, ile iliyobaki kwenye mashine haifungui tena kitu. Halafu angalia orodha ya vifaa vilivyoingia na uitoe ile kompyuta.

Wenye saiba: wekeni Chrome ifunguke kama mgeni kwa kila mteja, na msiwashe alama ya kidole kwenye mashine za mbele.

## Swali limekuja na mimi siingii popote

Tofautisha mambo mawili. Kisanduku cha paski hutokea kwenye kifaa unachokitumia, kwenye ukurasa uliofunguka. Huenda ni kichupo (tab) cha zamani kilichojifungua upya baada ya stima kurudi. Funga vichupo vyote uone.

Lakini arifa inayokuuliza “Is it you trying to sign in?” si paski. Hiyo huletwa na mtu aliye popote duniani aliyeandika barua pepe yako, na pengine nenosiri lako, kwenye kifaa chake. Jibu “No, it's not me”, kisha badilisha nenosiri siku hiyo hiyo. Na kama wakati arifa inaingia kuna mtu kwenye simu anayejiita mhudumu wa benki au wa mtandao, akikuambia ubonyeze ndiyo au umsomee nambari fulani, kata simu. Hakuna mhudumu halali anayehitaji kidole chako.

## Acha hapa, tafuta mtaalamu

Acha kujaribu mwenyewe ikiwa umekataliwa kwa paski na kwa nenosiri pia, na kila jaribio linakuambia usubiri. Kuendelea kujaribu huongeza muda wa kusubiri. Tumia ukurasa rasmi wa kurejesha akaunti, ukiwa kwenye kifaa na mtandao ambao umezoea kuutumia, kwa sababu hilo huhesabiwa katika kukutambua. Anayekuahidi kwenye Facebook kwamba atakurudishia akaunti kwa ada ni mwizi wa pili.

Ikiwa akaunti ni ya kazi au ya chuo, usifute paski yoyote kabla ya kuzungumza na mtu wa kompyuta wa hapo. Huenda kanuni yao inaitaka, na ukiifuta utakosa njia ya kuingia hadi yeye akufungulie.

Ikiwa simu imeibwa pamoja na PIN yake, yaani mwizi alikuona ukiiandika kwenye matatu au alikulazimisha kuisema, usianze na paski. Piga simu kwa mtoa huduma wako laini ifungwe, kisha kutoka kifaa kingine fungua android.com/find au iCloud uifunge simu, halafu uitoe kwenye akaunti zako, ukianzia barua pepe. Pesa zikiwa zimeguswa, ripoti polisi uchukue nambari ya OB, maana benki wataiulizia.

Na ukimpelekea fundi kifaa kwa sababu ya visanduku hivi, kaa naye. PIN iandike kwa mkono wako. Kazi yote iliyoelezwa hapa haihitaji kifaa kilale dukani, na haihitaji kufutwa kwa data. Fundi akisema lazima aifute simu ndipo swali la paski liondoke, ichukue simu yako umtafute mwingine.